Mwenye Kuita "Yangu!"

Katika viwanja vya Busia na Malaba, golikipa chipukizi hana budi kujua kuita mapema kama anavyojua kudaka. Kona ikipigwa, mpira ungali hewani, sauti yake sharti itangulie mikono yake: "Yangu!" Akiona haufikii, "Ondoa!" Akimwona beki wake anaukimbilia mpira ambao hauna haja naye, "Wacha!" Upande wa pili wa geti la forodha, kipa wa Kiganda huita "Leka!", na Msamia wa upande wa Kenya humwelewa bila mkalimani, maana kwa Waluhya neno hilo ni "lekha". Ila Mteso wa Amagoro au Chakol, ambaye lugha yake si ya Kibantu, hapati msaada wowote hapo. Mjaluo naye ana neno lake. Timu yenye watu wa namna hiyo ikisubiri kona ya dakika ya mwisho, Kiswahili ndicho hulinda lango.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha kazi nzima ya kuzuia mipira ya juu. Mpira wa chini una njia yake na kila beki anaiona. Mpira wa juu ni wa wote na si wa yeyote, mpaka mmoja auite. Wakiuita wawili wanagongana vichwa. Asipouita mtu unaanguka katikati yao, na hapo hata mshambuliaji mfupi kuliko wote uwanjani anafunga.

Historia ya kandanda ya Afrika Mashariki imesimuliwa zaidi kwa majina ya wafungaji. Joe Kadenge anajulikana hata na watoto ambao baba zao hawakuwahi kumwona akicheza. Waulize hao hao ni nani aliyekuwa akisimama mbele ya goli wakati Kadenge akisubiri mpira kule mbele, watanyamaza. Ni upungufu unaouma, kwa sababu mechi nyingi ambazo watu wa mpakani huzikumbuka, kwa furaha au kwa machungu, ziliamuliwa na aliyeruka kuutoa mpira au aliyesahau kuruka.

Kabla ya mwaka 1902 Busia yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Bonde la Ufa, na mwaka huo Waingereza wakaukata na kuuingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari mpya ukapita katikati ya watu. Wasamia wakagawanywa, Wateso wakagawanywa, na mito ya Sio na Malaba, waliyozoea kuvuka kwenda kwa wakwe zao, ikawa alama za serikali. Hakuna mfano ulio wazi kuliko ukoo wa Awori wa Samia: Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda mwaka 2001, na miaka miwili baadaye ndugu yake Moody Awori akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Mpaka huo ulielezwa rasmi kwa amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka 1926.

Mwaka huohuo wa 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya William Gossage, na Kenya ikalitwaa la kwanza. Tanganyika ilijiunga mwaka 1945, Zanzibar mwaka 1949, na kutoka hapo ndipo yalipozaliwa mashindano tunayoyajua leo kama Kombe la CECAFA. Kwa watu wa Busia na Malaba maana yake ni kwamba tangu mpaka uandikwe kwenye karatasi, kumekuwa na mechi za kuwauliza wao ni wa upande gani.

Mpira wenyewe ulikuwa umekwisha kuingia kwa mlango wa shule za misheni. Shule ya Budo karibu na Kampala na ile ya Maseno, zote za Kianglikana, zilianzishwa mwaka 1906. Maseno ilipata mwalimu mkuu aliyeupenda mpira kwa moyo wote, Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeiongoza kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance. Walimu wa kizazi hicho walifundisha soka waliyoijua kwao: mpira mrefu kwenda pembeni, winga akimbie hadi karibu na kibendera, krosi, kichwa. Vijana waliorudi vijijini na elimu walirudi na mtindo huo pia. Hivyo beki wa huku alianza maisha yake ya soka kwa kutazama juu.

Sheria ya kona ni changa kuliko mchezo. Chama cha Soka cha Uingereza kiliikubali mwaka 1872, baada ya watu wa Sheffield kuitumia kwanza. Hadi 1912 golikipa aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Tangu hapo akafungiwa ndani ya eneo la adhabu. Mwaka 1924 ikaamuliwa kwamba kona ikiingia moja kwa moja ni goli, na tarehe 2 Oktoba mwaka huo Cesáreo Onzari wa Argentina akaifunga Uruguay kwa njia hiyo. Wauruguay walikuwa mabingwa wa Olimpiki, ndiyo sababu hadi leo Amerika Kusini goli kama hilo huitwa la Olimpiki. Kombe la Gossage lilipoanza, sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kipa wa Kenya na mwenzake wa Uganda walikutana na hatari ambayo makipa waliowatangulia hawakuwa nayo: mpira unaojikunja kutoka kwenye kibendera hadi wavuni bila kuguswa na kichwa cha mtu.

Ilikuwapo hatari nyingine, kubwa zaidi. Sheria za zamani zilimruhusu mshambuliaji kumpiga kipa kikumbo cha bega akiwa ameushika mpira. Fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1958 inakumbukwa kwa hilo: Nat Lofthouse wa Bolton alimgonga Harry Gregg wa Manchester United, kipa akaingia golini yeye na mpira, refa akakubali goli. Kipa wa nyakati hizo alikuwa na sababu nzuri ya kuupiga mpira ngumi badala ya kuudaka. Leo mtazamaji wa Busia akimwona kipa akipangua mpira mwepesi kwa ngumi, humcheka. Babu yake angeelewa.

Mpira wenyewe pia haukuwa huu. Ulikuwa wa ngozi nzito, umefungwa kwa ukanda upande mmoja, na sheria ilipanga uzito wake mchezo unapoanza. Unapoanza! Ukishalowa, sheria haikuwa na neno. Mtu anayeijua Busia anajua maana yake, kwa sababu mvua ya bonde la Ziwa Victoria hupenda kushuka alasiri, saa zilezile za mechi. Asubuhi jua kali, saa tisa wingu jeusi kutoka ziwani, saa kumi uwanja ni tope na ngozi imekunywa maji. Beki aliyeupiga kichwa mpira huo mahali penye ukanda alirudi nyumbani na alama ya ukanda kwenye paji la uso.

Na wengi waliuondoa kwa miguu mitupu. Timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 iliwashangaza Waingereza kwa wachezaji waliocheza pekupeku, lakini huku nyumbani hapakuwa na cha kushangaza. Mguu mtupu una ujanja wake katika pasi na chenga. Shida huja mpira mzito wa mvua unaposhuka mbele ya goli na unatakiwa kupigwa mbali kwa nguvu zote. Kwa hiyo kichwa kikawa kifaa cha kazi cha beki. Timu ya kijiji ilimtafuta mtu mmoja mrefu, mwenye shingo nene na asiyeogopa, ikamweka katikati, na jina lake likavuma mpaka sokoni. Milingoti ilikuwa ya mkaratusi, mwamba wa juu pia, na beki alijifunza kutougongesha uso kwenye mlingoti kama alivyojifunza kuutazama mpira.

Uhuru ulipokuja, ufundi huu wa vijijini ulipata mahali pa kuonekana. Mwaka 1964 vilabu kadhaa vya Waluhya viliungana kuwa Abaluhya United, na nyumba nyingi za Busia zikawa na timu ya taifa ya pili. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1980, serikali ilipotaka vilabu viache majina ya makabila, likawa AFC Leopards. Nguzo ya Abaluhya ile ya mwanzo alikuwa Jonathan Niva, beki mgumu ambaye mwaka 1972 aliiongoza Kenya kama nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Cameroon, mara ya kwanza kwa Kenya kufika huko. Ilifungwa 2–1 na wenyeji, ikatoka sare 1–1 na Mali na 1–1 na Togo. Kufungwa mabao manne katika mechi tatu si aibu kwa timu iliyokuwa ikiingia ukumbi huo kwa mara ya kwanza.

Kikosi hicho kilikuwa na James Siang'a, kipa wa Gor Mahia. Aliyoyajua kuhusu lango hayakuishia kwake. Mwaka 2003, akiwa kocha wa Simba ya Dar es Salaam, aliitoa Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa mtetezi wa Afrika: Simba ilishinda 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 Cairo, ikavuka kwa penalti, mikono ya Juma Kaseja ikifanya kazi yake. Ni nadra kupata ushindi wa klabu ya Afrika Mashariki uliotegemea ulinzi kiasi kile, na nyuma yake alikuwapo mtu aliyezeeka akitazama mipira ya juu.

Miaka ya 1970 mpaka ulikuwa mahali pa wasiwasi. Februari 1976 Idi Amin alidai ardhi ya Kenya hadi ndani ya Bonde la Ufa, yaani ile ya kabla ya 1902. Magendo yalinoga, kahawa ya Uganda ikivushwa usiku. Ndiyo miaka ambayo waendesha baiskeli wa Busia na Malaba walizoeleka kubeba abiria kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine wakiita "boda-boda", neno lililokwenda baadaye kila pembe ya Afrika Mashariki. Katika nyakati hizo Uganda ilikuwa na mpira mzuri kuliko majirani zake. Ilitwaa Kombe la CECAFA mwaka 1976 na 1977, na Machi 1978 ikafika fainali ya Afrika mjini Accra, ikafungwa na Ghana 2–0.

Nahodha wa Uganda alikuwa Jimmy Kirunda, beki wa KCC, na hadithi yake inastahili kutulia nayo. Mwaka 1978 alifunga mabao 32 katika ligi ya Uganda. Beki! Kuna washambuliaji waliostaafu bila kufikisha nusu ya hayo. Anayejua mpira wa juu utaangukia wapi wakati wa kuzuia anajua pia wakati wa kushambulia, na Kirunda ni ushahidi mkubwa wa hilo katika eneo hili. Kenya ilichukua muda kuelewa kwamba beki wake wa kati ni silaha anapopanda kwenye kona.

Mwaka 1982 wapinzani hao walikutana fainali ya CECAFA mjini Kampala. Kenya, chini ya kocha Marshall Mulwa, ilikuwa imelitwaa kombe mwaka uliotangulia. Golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyechezea AFC Leopards, aliyeitwa na mashabiki "Kenya One". Dakika 90 na nyongeza ziliisha 1–1, na Kenya ikashinda kwa penalti 5–3, mbele ya watu wa Uganda, katika uwanja wa Uganda. Mwaka 1983 ikalibeba tena, la tatu mfululizo. Abbas anakumbukwa kwa penalti na kwa michupo yake, lakini waliofuatilia mpira wa zama hizo hutaja kwanza namna alivyotoka golini: mapema, bila kusitasita, mikono juu ya vichwa vya watu. Mbele yake Leopards walikuwa na Josephat Murila. Kipa anayetoka na beki anayejua kwamba kipa atatoka, hiyo ni nusu ya kazi.

Wengi waliyasikia hayo badala ya kuyaona. Runinga zilikuwa chache, redio zilikuwa kila mahali, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ilikuwa ndiyo macho ya taifa. Kona ikipigwa redioni sauti ya mtangazaji hupanda pamoja na mpira, na msikilizaji hukaa hewani pamoja nao mpaka aambiwe nani ameufikia. Kiswahili cha soka ya Kenya kilijengwa hivyo: kupangua, kuokoa, kuondosha hatari, eneo la hatari. Ni msamiati wa walinzi, ingawa sifa zilikwenda kwa wafungaji.

Gor Mahia ndiyo iliyopanda juu zaidi. Mwaka 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa kuitoa Espérance ya Tunisia: 2–2 mjini Tunis, 1–1 Kasarani tarehe 5 Desemba, na kombe likabaki kwa faida ya mabao ya ugenini. Peter Dawo aliongoza kwa ufungaji katika mashindano hayo akiwa na mabao 10, na kichwa chake kilikuwa gumzo. Lakini sare mbili kama hizo hazipatikani bila watu wa nyuma. David Ochieng alikuwa golini. Bobby Ogolla, aliyepewa jina la "Six Million Dollar Man" kutoka kipindi cha runinga cha Marekani, alisimama katikati, na nahodha Austin Oduor alikuwa pamoja naye.

Jina la Oduor lina mkia mrefu. Ni ndugu yake Mike Okoth Origi, mshambuliaji wa Harambee Stars aliyehamia Ubelgiji na kumzaa huko Divock Origi mwaka 1995. Arnold Origi, kipa wa Kenya kwa miaka mingi, ni wa ukoo huohuo.

Tarehe 8 Oktoba 2011 Uganda ilihitaji kuifunga Kenya kule Namboole ili ifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo ambalo haikuwa imelifanya tangu 1978.  Kenya ilikuwa na lango la kulinda, na Arnold Origi akalilinda. Krosi zilikuja, watu wakarundikana mbele yake, mpira ukakataa kuingia. Matokeo yakawa 0–0, Angola ikafuzu, na Uganda ikasubiri hadi 2017. Hakuna mji uliopokea matokeo hayo kwa hisia mbili wazi kama Busia, ambako wa kusherehekea na wa kulia wanatenganishwa na geti, na mara nyingine na ukuta wa nyumba moja.

Hapa inafaa kueleza kazi yenyewe, maana watu hudhani kuzuia kona ni kuwa mrefu. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni mtu kwa mtu: kila beki anapewa mpinzani wake na haachani naye. Uzuri wake ni kwamba lawama ina mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba beki anatakiwa kutazama pande mbili kwa wakati mmoja, mpira ulioko kwenye kibendera na mtu aliye nyuma ya bega lake, na washambuliaji werevu huzibiana njia ili mmoja abaki peke yake. Ya pili ni kulinda eneo: mabeki hupangwa kuzunguka kisanduku kidogo cha mita 5.5 na kila mmoja anamiliki kipande chake cha hewa. Wanautazama mpira tu. Ubaya ni kwamba wao wanaruka kutoka pale waliposimama, na mshambuliaji anakuja na mbio. Anayekuja na mbio huruka juu zaidi. Ndiyo maana timu nyingi huchanganya: watatu au wanne wa eneo, waliobaki kila mmoja amshike mtu wake, na mmoja kwenye mlingoti wa karibu.

Juu ya hayo yupo kipa, na tangu miaka ya 1960, Jack Charlton wa Leeds alipoanza kusimama mbele ya pua ya kipa kila kona, kipa hana tena njia iliyo wazi. Anasukumwa, anazibwa, anakanyagwa vidole. Kilichobaki chake bila kuingiliwa ni sauti.

Novemba 7, 2012, Barcelona walikwenda Glasgow kucheza na Celtic wakiwa timu bora duniani. Waliushika mpira zaidi ya asilimia 80 ya muda. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, ikapita vichwa vyote vya katikati, na kwenye mlingoti wa mbali Victor Wanyama akaruka juu ya Jordi Alba na kufunga. Celtic walishinda 2–1. Wanyama ni jina la kawaida katika maboma ya Bungoma na Busia, na baba yake Victor, Noah Wanyama, alikuwa winga wa AFC Leopards miaka ya 1980. Alba alikuwa mahali pake. Alimwona mtu wake. Alichokosa ni sentimita, kwani Barcelona ya wakati ule ilichagua wachezaji wadogo wenye akili nyingi na ililipa gharama ya uamuzi huo kila mpira ulipokwenda juu. Usiku huohuo upande wa pili alikuwapo kipa Fraser Forster, mrefu wa mita mbili, ambaye magazeti ya Hispania yalimwita ukuta mkubwa.

Miaka sita na nusu baadaye, Mei 7, 2019, Barcelona walifungwa kona nyingine, na mfungaji alikuwa Divock Origi, mpwa wa Austin Oduor. Walikuwa wameishinda Liverpool 3–0 katika mechi ya kwanza. Sasa walikuwa nyuma 3–0 na mambo yamelingana. Dakika ya 79 Trent Alexander-Arnold aliuweka mpira kwenye kona, akaanza kuondoka kana kwamba anamwachia mwenzake, akageuka ghafla na kuupiga chini kuelekea katikati. Mabeki wa Barcelona walikuwa wamegeuza migongo, wengine wakipangana. Origi alikuwa macho. Liverpool 4–0, na Barcelona nje.

Magoli hayo mawili yana mafunzo tofauti kabisa. La Wanyama lingeweza kuzuiwa na beki mrefu. La Origi halikuhitaji kimo hata kidogo, kwani mpira haukuinuka. Lilihitaji mtu mmoja tu wa kupaza sauti. Mtu mmoja wa kusema "mpira!" katika lugha yoyote. Kocha wa timu ya mtaa wa Malaba, anayewapanga kipa wa Kiluhya, mabeki wawili Wateso na kiungo aliyetoka Tororo, anapambana na tatizo lilelile lililowaangusha mabingwa wa Hispania, na pengine analijua zaidi, kwa kuwa kwake si la sekunde moja. Analo kila Jumapili.

Kuna sehemu ya historia hii isiyopendeza. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion na Uingereza aliyesifika kwa vichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 59, na mchunguzi wa vifo akahusisha maradhi ya ubongo wake na ile mipira mizito. Marekani ilipiga marufuku vichwa kwa watoto wadogo mwaka 2015, na Uingereza imevipunguza mazoezini. Mabeki waliopiga vichwa ngozi iliyolowa katika nyanja za magharibi ya Kenya kwa miaka 20 hawajawahi kuhesabiwa na mtu. Wanazeeka vijijini, na baadhi yao wanasahau mambo. Vyama vya soka vingewatafuta wangali hai.

Mpaka wenyewe sasa umelainika. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua kituo cha pamoja cha forodha Busia, ambapo msafiri hugongewa muhuri wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Foleni ya malori ya Malaba ingalipo, na madereva wanaosubiri siku kucha wamekuwa mashabiki wa timu za pande zote. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, na mwaka 2027 zinatarajiwa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika.

Katika CHAN hiyo Kenya ilizifunga DR Congo, Morocco na Zambia, kila moja 1–0, na kutoka sare 1–1 na Angola. Kufungwa bao moja katika mechi nne: tangu siku za Niva ulinzi wa Kenya haujapata sifa kama hiyo. Kisha ikaja robo fainali na Madagascar, Kasarani, tarehe 22 Agosti. Mara tu baada ya mapumziko kona ilipigwa na beki Alphonce Omija akaipanda na kuifunga kwa kichwa, kazi ya Kirunda kabisa. Kenya iliongoza mpaka penalti ya mpira wa mkono ilipoisawazishia Madagascar, ikawa 1–1, na baada ya muda wa nyongeza Kenya ikatoka kwa penalti 4–3.

Na kipa ameongezewa jambo jipya la kufikiria. Tangu Julai 1, 2025, akiudaka mpira hana ruhusa ya kukaa nao zaidi ya sekunde nane, na akizidisha, wapinzani hawapewi tena mpira wa adhabu, wanapewa kona. Kwa hiyo kijana wa Malaba anayetoka golini, akaita "Yangu!", akaruka juu ya msongamano na kuutia mpira kifuani salama, hajamaliza. Anainuka kwenye tope, anawatafuta mawinga wake kwa macho, na pembeni refa ameinua mkono akihesabu kwa vidole: tano, nne, tatu.